Kabla hujamkosoa mtu hadharani: jinsi ya kupima kama jambo lako ni la maslahi ya umma

Mtu akikupeleka mahakamani kwa kashfa kwa sababu ya maoni uliyoyaandika, kinga unayoweza kuishika ni utetezi wa maoni ya haki. Kinga hii ina masharti. Jambo unalolizungumzia liwe la maslahi ya umma. Maneno yako yawe maoni, yasiwe madai ya kwamba kitu fulani kimetendeka. Maoni hayo yasimame juu ya mambo ya kweli. Yawe maoni ambayo mtu mkweli anaweza kuwa nayo, hata kama ni makali au ya upande mmoja. Na yasiwe yamesukumwa na nia ovu.

Waandishi ninaowahariri huhangaika sana na sharti la pili na la tatu. La kwanza hulipita mbio. "Huyu ni kiongozi, kwa hiyo kila kitu chake ni cha umma," huniambia. Hapo ndipo wanapoteleza, na mwongozo huu ni wa hapo hasa.

Naandika kwa kufuata sheria ya Kenya, ambayo ndiyo ninayofanyia kazi. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, inayataja maoni ya haki katika kifungu cha 15, lakini haisemi maslahi ya umma ni nini. Maana yake imejengwa na majaji, kesi baada ya kesi, na nyingi kati ya kesi hizo ni za Uingereza. Sababu iko katika Sura ya 8 ya sheria za Kenya, iliyopokea sheria ya Uingereza iliyojengwa na hukumu za majaji (common law) na kuweka tarehe 12 Agosti 1897 kuwa mpaka wa sheria zao za bunge zinazotumika huku kwa jumla. Tanzania Bara nayo ilipokea kwa njia hiyohiyo, ila tarehe yake ni 22 Julai 1920. Ndiyo maana mwandishi wa Malindi au wa Tanga anajikuta akisoma hukumu kuhusu ukumbi wa michezo ya kuigiza wa London.

Hatua ya kwanza: andika jambo lenyewe bila jina la mtu

Chukua karatasi. Kwa sentensi moja, andika kitu unachokikosoa, na usimtaje mtu yeyote ndani yake. "Kisima kilichochimbwa kwa pesa za kaunti hakitoi maji." "Shule inatoza wazazi ada isiyo na risiti." "Hoteli iliyotangaza vyakula vya Kiswahili inauza pilau ya jana."

Sentensi ikikubali kuandikika, unalo jambo. Ikikataa, yaani kila ukiianza jina la mtu linajirudisha lenyewe, "Fulani anaringa", "Fulani hana shukrani", basi ulichonacho ni ugomvi. Huenda una haki katika ugomvi huo. Lakini maoni ya haki hayakusaidii humo, kwa sababu maslahi ya umma hukaa kwenye jambo, na mtu huingia kwa kadiri ya mkono wake katika jambo hilo tu. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote yatakayofuata.

Hatua ya pili: uliza linawagusa nani

Kipimo kinachotajwa zaidi kilitolewa na Jaji Denning katika kesi ya London Artists dhidi ya Littler, iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1969. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba jambo likiwagusa watu kwa jumla, kiasi kwamba wana haki ya kufuatilia au kuwa na wasiwasi juu ya yanayoendelea, au juu ya yanayoweza kuwapata wao au wengine, basi hilo ni la maslahi ya umma na kila mtu ana ruhusa ya kulitolea maoni ya haki.

Kesi yenyewe inafundisha. Mwaka 1965, waigizaji wanne wakuu wa mchezo mmoja uliokuwa ukijaza ukumbi London walitoa notisi ya kuondoka kwa wakati mmoja. Mwenye kuuendesha mchezo huo, Emile Littler, aliona huo ni mpango uliosukwa ili mchezo ufe. Akawaandikia barua kuwalaumu, na barua ikafikishwa kwa magazeti, naye akashtakiwa kwa kashfa. Jaji wa kwanza alisema hilo si la maslahi ya umma: ni mambo ya mikataba baina ya watu na kazi zao. Mahakama ya Rufani ikakataa. Watu walikuwa wananunua tiketi, waigizaji walikuwa maarufu, na mchezo ulikuwa unakaribia kufungwa. Umma una haki ya kujua na kusema. Littler hata hivyo alishindwa, kwa sababu nyingine nitakayoieleza mbele. Kwa hapa shika hili: majaji wanaisoma "maslahi ya umma" kwa upana, na aliyeifinya alirekebishwa.

"Umma" pia hauna lazima ya kuwa nchi nzima. Mwaka 1894, katika kesi ya kampuni ya makaa ya mawe ya South Hetton, gazeti lilikuwa limeandika juu ya uchafu wa nyumba ambamo kampuni iliwaweka wachimbaji wake. Nyumba ni mali ya kampuni, mpangaji ni mfanyakazi wake. Ungeweza kusema ni mambo yao. Mahakama ilisema hali ya afya katika makazi ya wafanyakazi wengi kiasi kile ni jambo la umma. Mimi huipa uzito sana kesi hii ninapomhariri mtu anayeandika juu ya mashamba ya chai au viwanda vya mkonge.

Kwa hiyo jiulize: nani hasa anapata maji, dawa, mshahara, elimu au usalama, au anavikosa, kwa sababu ya jambo hili? Wataje. Kama jibu ni "mimi na jirani yangu", bado hujafika.

Hatua ya tatu: jua unaingia kwa mlango upi

Kuna milango miwili, na kila mmoja una mipaka yake.

Mlango wa kwanza ni mambo yenye athari kwa watu: serikali ya kaunti na ya taifa, mahakama, polisi, shule, hospitali, vyama vya ushirika, misikiti na makanisa yanapokusanya michango ya waumini, kampuni ambayo bidhaa au ajira yake inawafikia wengi. Humu unakosoa uendeshaji.

Mlango wa pili ni vitu ambavyo mwenyewe ameviweka mbele ya watu vihukumiwe: kitabu, wimbo, filamu, mechi, hotuba, tangazo la biashara, chakula cha hoteli. Aliyefungua mlango amekaribisha sifa na lawama pamoja. Katika kesi ya Merivale dhidi ya Carson ya mwaka 1887, iliyohusu uhakiki wa mchezo wa kuigiza, mahakama ilikubali kwamba hata mhakiki mwenye upendeleo au anayetia chumvi analindwa, mradi anasema analoliamini kwa dhati. Ila ulinzi huo ni wa kuihukumu kazi. Ukiandika kwamba riwaya ni mbovu, uko ndani. Ukiandika kwamba mtunzi wake humpiga mkewe, umetoka nje ya riwaya.

Na mtu wa kawaida, asiye na cheo wala jukwaa? Anaweza kuingia uwanjani kwa miguu yake. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada, mwaka 2008, iliamua kesi ya mtangazaji wa redio wa British Columbia, Rafe Mair, aliyekuwa amemshambulia kwa maneno mazito Kari Simpson, mwanaharakati aliyepinga vitabu vya shule vinavyozungumzia mashoga kwa wema. Simpson hakuwa na cheo cha serikali, lakini alikuwa sauti inayojulikana katika mjadala ule, na mjadala wa watoto wafundishwe nini shuleni ni wa umma. Utetezi wa maoni ya haki ukamwokoa mtangazaji. Mzazi anayesimama kwenye baraza la chifu kupinga au kutetea jambo yuko katika hali hiyo: hoja zake alizozitoa pale zinajibika hadharani. Nyumba yake haijaingia.

Hatua ya nne: tenga hamu ya watu na maslahi yao

Picha ya harusi ya msanii husomwa kuliko ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Wingi wa wasomaji haugeuzi kitu kuwa cha maslahi ya umma. Mahakama hiyohiyo ya Kanada, mwaka 2009 katika kesi ya Grant dhidi ya Torstar, ilisema wazi kwamba kiu ya watu ya kujua maisha ya ndani ya watu maarufu haitoshi peke yake. Kesi ile ilihusu utetezi mwingine, wa kuripoti kwa uwajibikaji, lakini mstari huu unafaa pande zote.

Mimi hutumia swali moja: msomaji akishajua hili, atafanya nini kama raia, mzazi, mlipa kodi au mteja? Atapiga kura tofauti? Atamhamisha mtoto shule? Ataacha kununua? Kama atatikisa kichwa tu na kumtumia mwenzake, hiyo ilikuwa hamu.

Hatua ya tano: pima sentensi moja moja

Hapa usiwe na haraka. Makala hayapimwi kwa jumla yake. Wakili wa upande wa pili atachomoa sentensi aliyoitaka, na utetezi wako utasimama au utaanguka juu ya hiyo.

Nililipia somo hili mwenyewe. Niliwahi kuandika makala kuhusu chama cha ushirika kilichochelewa kuwalipa wanachama wake. Nilikuwa na barua, nilikuwa na kumbukumbu za mkutano, nilikuwa na wanachama waliokubali kutajwa. Karibu na mwisho nikatia sentensi moja kuhusu namna mwenyekiti alivyompata mkewe. Ilinipendeza, ilichekesha. Barua ya wakili ilipokuja haikugusa malipo hata kidogo. Ilinukuu sentensi ile tu. Tukachapisha radhi, na wasomaji wakadhani tumeomba radhi kwa makala nzima. Wanachama walioniamini ndio walioumia. Mpaka leo naijutia sentensi ile.

Basi tuchukue aya ya kutunga, tuifanyie kazi pamoja:

"Kisima cha mtaa wetu kilichimbwa kwa pesa za kaunti na kina miezi minane bila pampu. Mwakilishi wadi aliahidi mbele ya mkutano wa hadhara kwamba pampu ingefika kabla ya Ramadhani. Huu ni uzembe, na kiongozi wa namna hii hastahili kura yetu tena. Wala si ajabu, maana hata nyumba yake imemshinda, wake wawili wamemkimbia. Nasikia pampu yenyewe iko shambani kwa shemeji yake."

Sentensi ya kwanza ni madai ya ukweli, tena ya kitu kinachowagusa wanaobeba ndoo kila siku. Inahitaji ushahidi: picha yenye tarehe, na karatasi inayoonyesha pesa ni za kaunti. Ya pili nayo ni ukweli, nayo ina mashahidi mkutano mzima. Ya tatu ni maoni, makali lakini ya kawaida kabisa, na yamekaa juu ya hizo mbili. Hiyo ndiyo sentensi ambayo utetezi wa maoni ya haki uliwekwa kwa ajili yake. Iache, usiipoze.

Ya nne itoe. Neno "maana" linajifanya linaunganisha ndoa na pampu, ila hakuna kamba kati yake. Ndoa zake hazipeleki maji wala hazizuii maji.

Ya tano ni ya hatari kuliko zote, kwa sababu jambo lake ni la umma kweli. Mali ya kaunti ikiwa shambani kwa shemeji wa kiongozi, wananchi wana haki ya kujua. Lakini hayo si maoni. Ni tuhuma ya wizi, na "nasikia" haikukingi. Anayesambaza uvumi hushtakiwa kama aliyeuanzisha. Ukiwa na risiti ya kupokea mzigo yenye jina la shamba lile, andika ukweli huo na uwe tayari kuuthibitisha. Ukiwa huna, ondoa sentensi, endelea kutafuta.

Angalia pia kwamba kutaja udugu si mwiko daima. Shemeji huyo akiwa ndiye aliyepewa kandarasi, udugu wake na kiongozi umeingia ndani ya jambo, na utauandika kama sehemu ya ukweli. Kadhalika kiongozi akiomba kura kwa kujinadi kuwa mfano wa ndoa, yeye mwenyewe ndiye aliyeileta ndoa barazani. Kila mara swali ni lilelile: kamba iko wapi kati ya hiki na jambo la hatua ya kwanza?

Hatua ya sita: hakikisha maoni yanaonekana ni maoni

Sasa turudi kwa Littler. Alishinda juu ya maslahi ya umma, akaanguka hapa. Kusema watu wamesuka njama ni kusema kitu kimetendeka, na njama hiyo hakuweza kuithibitisha. Angeandika kwamba waigizaji wanne wamewasilisha notisi pamoja, na kwamba kufanya hivyo kwa mchezo unaojaza ukumbi ni ukosefu wa adabu ya kazi, mambo yangeweza kuwa mengine.

Kwa hiyo mwonyeshe msomaji unakosimama. Huna haja ya kumwaga kila kitu. Mwaka 1952 katika kesi ya Kemsley dhidi ya Foot, kichwa cha habari kilichomtaja mwenye magazeti yaliyojulikana sana kilitosha, kwa kuwa kila mtu aliyajua magazeti yenyewe. Mwaka 2010, katika kesi ya Joseph dhidi ya Spiller, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema yatosha maoni yaeleze, angalau kwa jumla, yamejengwa juu ya nini. Kwetu, kifungu cha 15 kinakupa nafuu moja zaidi: kama umetaja mambo kadhaa ya ukweli na moja likashindwa kuthibitika, utetezi hauanguki kwa sababu hiyo pekee, ikiwa maoni bado ni ya haki kwa yale yaliyothibitika. Usiigeuze nafuu hiyo kuwa mazoea.

Tahadhari juu ya unachosoma mtandaoni. Uingereza na Wales zilibadilisha sheria yao. Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2014, ilifuta utetezi wa maoni ya haki uliojengwa na majaji, ikaweka utetezi wa maoni ya dhati, na sharti la maslahi ya umma halimo humo. Mwongozo wa kule utakuambia usijisumbue nalo. Kenya sharti bado lipo, na mzigo wa kulithibitisha ni wako wewe mdaiwa.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu kabla ya kuchapisha

Ile karatasi ya hatua ya kwanza na ya pili usiitupe. Itie tarehe, iweke pamoja na picha, barua, majina ya mashahidi, na ujumbe ulioupeleka kwa mkosolewa kumwomba majibu. Ukija kudaiwa kwamba uliandika kwa chuki, karatasi hiyo inaonyesha ulikuwa unafikiria nini siku ile. Kinyume chake, ujumbe wa simu uliomwandikia rafiki, "leo nammaliza", utasomwa mahakamani kwa sauti. Nia ovu huvunja utetezi hata jambo likiwa la umma kiasi gani.

Hatua ya nane: barua ya wakili ikija

Usiijibu siku hiyo, na usiandike chochote kuihusu mtandaoni. Hifadhi nakala ya ulichochapisha kama kilivyo, pamoja na maoni ya wasomaji chini yake. Kisha tafuta sentensi zilizonukuliwa, uzipitishe tena kwenye hatua ya tano. Iliyo nje ya jambo, kubali mapema kuiondoa na kuiombea radhi, ukitaja sentensi hiyo tu, ili iliyobaki isionekane umeikana. Iliyo ndani, mpelekee wakili wako pamoja na ile faili, na umwonyeshe kwa mstari mmoja ni nani wanaoguswa na jambo hilo.

Mwombe pia ahesabu siku. Kenya, kesi ya kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12. Andika tarehe ya kuchapisha juu ya jalada la faili kwa herufi kubwa, na kila mara chapisho likirudiwa, kwenye ukurasa mwingine au kundi jingine, andika na tarehe hiyo.